Digrii ninayo, mbona sipandi? Maswali yenu kuhusu elimu, kazi na tabaka

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinagusa kitu kimoja, mtu amesoma au anasomesha, alafu anaona matunda hayaji kama alivyoahidiwa. Nimechagua chache. Nitajibu kwa kutumia tafiti za wanasosholojia, kwa sababu hawa watu wamekaa miaka zaidi ya 50 wakihesabu nani anapanda, nani anabaki chini na kwa nini, na mengi waliyoyapata hayawafikii wale wanaoumia wenyewe. Barua nimezifupisha kidogo na majina nimeyaondoa.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, nina digrii, nimemaliza na matokeo mazuri tu, maombi ya kazi nimetuma mpaka nimechoka. Baba kila siku ananiambia enzi zao mtu akimaliza masomo kazi inamsubiri, kwahiyo mimi ni mvivu au nachagua kazi. Sichagui jamani. Nimeanza kuamini labda kweli tatizo ni mimi.

Marahaba mdogo wangu. Baba hakudanganyi, anasimulia alichokiona kwa macho yake, sehemu nyingi za dunia ilikuwa hivyo kweli. Anapokosea ni pale anapodhani kilichombeba ni juhudi zake peke yake.

Wanasosholojia wanatenganisha kupanda kwa aina mbili. Kuna kupanda kwa sababu nafasi zimeongezeka, yaani serikali inapanuka, mashirika yanafunguliwa, wanahitajika walimu, manesi, mainjinia, wahasibu, na watoto wa wakubwa hawatoshi kuzijaza hizo nafasi zote, kwahiyo hata mtoto wa mkulima anaitwa na hakuna aliyeshushwa ili yeye apande. Alafu kuna kupanda kwa kubadilishana, mtoto wa chini anapanda kwa sababu mtoto wa juu ameshuka. Hii ya pili ndo ngumu, mana hakuna mzazi mwenye uwezo anaekaa kimya akiangalia mwanae anashuka, atalipia, atapiga simu, atafanya kila kitu. John Goldthorpe na wenzake waliichunguza Uingereza na wakakuta watu wengi waliopanda baada ya Vita vya Pili vya Dunia walibebwa na ile aina ya kwanza, nafasi za juu zilikuwa zimeongezeka. Ukilinganisha mtoto wa tabaka la juu na wa tabaka la chini, nani ana uwezekano mkubwa wa kuipata nafasi, pengo lilikuwa halijabadilika sana.

Sasa nafasi zikiacha kuongezeka kwa kasi ile, au faida ya uchumi ikaanza kuishia kwa wachache, ndo unapata hali yako. Mwaka 2017 wachumi wakiongozwa na Raj Chetty walionyesha kwamba Marekani, waliozaliwa mwaka 1940 karibu asilimia 90 walikuja kupata kipato kikubwa kuliko cha wazazi wao, na waliozaliwa miaka ya 1980 ni kama asilimia 50 tu. Hakuna mtu atakaesema vijana wa nchi nzima wamepatwa na uvivu kwa mpigo. Na hao waliokwama wamesoma kuliko wazazi wao.

Ongeza na hili la vyeti. Mchumi Fred Hirsch aliandika mwaka 1976 kwamba kwenye umati, mmoja akisimama kwa ncha za vidole anaona vizuri, wote wakisimama hivyo hakuna anaeona zaidi, na miguu inawauma wote. Mwaka huohuo Ronald Dore, ambae alizichunguza Uingereza, Japani, Sri Lanka na Kenya, alisema nchi inavyochelewa kuingia kwenye uchumi wa kisasa ndivyo cheti kinavyozidi kuwa na nguvu kwenye ajira, na shule inageuka kuwa mbio za mitihani. Randall Collins nae mwaka 1979 akaonyesha waajiri walikuwa wanapandisha kiwango cha cheti kwa kasi kuliko kazi zenyewe zilivyozidi kuwa ngumu. Yaani kazi ni ileile, waliokuwa wanaifanya walimaliza sekondari, leo tangazo linataka digrii na uzoefu wa miaka mitatu.

Kwahiyo mdogo wangu, ukweli ni kwamba umeingia foleni ndefu kuliko ya baba, inayoelekea kwenye mlango uliobaki na upana uleule. Msomee baba haya, bila kubishana nae. Muulize tu, darasani kwenu mlimaliza wangapi na kazi zilikuwa ngapi? Nadhani hapo ataelewa mwenyewe. Na wewe naomba usiendelee kujihukumu kwa kosa ambalo hukulifanya, mtu akishaamini yeye ndo tatizo anaacha kutuma maombi, na akiacha kutuma hata nafasi chache zilizopo zinampita.

Mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anasema haoni maana ya kuendelea. Ananitolea mfano mimi mwenyewe niliyesoma nikakaa nyumbani, alafu ananitajia matajiri wakubwa wa dunia walioacha chuo. Nimjibu nini?

Mwambie abaki shule, na mwambie kwa nguvu.

Hao matajiri anaowataja, aangalie walikotoka. Bill Gates aliacha Harvard, sawa, lakini baba yake alikuwa wakili mkubwa na shule aliyosoma ilipata mashine ya kuunganishwa na kompyuta mwaka 1968, wakati vyuo vingi duniani havijawahi hata kuiona. Mark Zuckerberg nae aliacha Harvard, baba daktari wa meno, mama daktari wa magonjwa ya akili. Hawa wangeanguka wangedakwa. Mdogo wako akianguka anadakwa na nani, wewe ambae hujapata kazi?

Alafu kuna hili ambalo ni la msingi kabisa. Peter Blau na Otis Duncan waliwachambua wanaume zaidi ya 20,000 wa Marekani, kitabu kikatoka mwaka 1967, wakaona kitu kilichokuwa na nguvu kuliko vyote katika kuamua mtu anafanya kazi gani ni elimu yake mwenyewe. Kazi ya baba ilikuwa na nguvu pia, ila sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilipitia kwenye elimu, yaani baba mwenye uwezo anamsaidia mtoto hasa kwa kumfikisha mbali kishule. Mwaka 1988 Michael Hout akaenda mbele zaidi akakuta kwamba Wamarekani wakishakuwa na digrii ya kwanza, kazi ya baba karibu haina tena uhusiano na kazi wanayopata. Mtoto wa fundi na mtoto wa meneja, wote wakiwa na digrii, wanaishia sehemu zinazofanana.

Sitaki nikufiche upande wa pili. Florencia Torche alirudia swali hilo mwaka 2011 na akakuta ukipanda juu zaidi, kwenye digrii za uzamili na uzamivu na zile za udaktari na uwakili, asili ya familia inarudi tena. Wanachagua fani tofauti, vyuo tofauti, mishahara tofauti. Kwahiyo elimu haifuti tabaka lote, ila kwa mtoto asiye na mali ya kurithi hakuna kingine kilichowahi kuonekana kwenye takwimu kinachomsogeza kama elimu. Wewe kukaa nyumbani sasa hivi hakubadilishi hilo, asiyemaliza sekondari anakaa nyumbani muda mrefu zaidi na akiipata kazi ni ya kipato kidogo zaidi.

Mwalimu kila ninapoenda naambiwa koneksheni koneksheni. Kwetu hakuna hata mtu mmoja mwenye cheo. Sasa sisi tusiojuana na mtu tufanyeje, tufe?

Usife, kaa hapa nikuambie kitu ambacho watu wengi hawakijui kuhusu hizo koneksheni.

Mwaka 1973 mwanasosholojia kijana anaitwa Mark Granovetter alichapisha utafiti kuhusu watu wa mji mmoja karibu na Boston waliokuwa wamebadilisha kazi, wahasibu, mameneja, mafundi wa kitaalamu. Zaidi ya nusu walipata kazi kupitia mtu, kwahiyo wanaokuambia koneksheni hawakosei. Ila alipowauliza huyo aliyekupa habari ya kazi mlikuwa mnaonana mara ngapi, ni kama asilimia 17 tu waliosema mara kwa mara. Asilimia 56 hivi walisema mara mojamoja, na karibu 28 wakasema kwa nadra sana. Wengine ni mtu waliyesoma nae zamani wakakutana njiani kwa bahati, wengine bosi wa zamani ambae hawajaongea miaka.

Sababu yake ukiifikiria iko wazi. Rafiki yako wa damu anajua unachokijua, mnazunguka sehemu moja, tangazo ambalo hujaliona na yeye hajaliona. Yule mnaejuana kwa mbali anaishi kwenye duara lingine, na huko kuna habari ambazo kwenu hazifiki. Mwaka 2022 watafiti walilipima hili kwenye LinkedIn kwa watu zaidi ya milioni 20 na wakakuta wanaosaidia zaidi mtu kubadili kazi ni wale wa kati na kati, sio ndugu wa karibu na sio mgeni kabisa.

Kwahiyo acha kusikitika kwamba mjomba hana cheo. Kaa chini uandike watu wote uliowahi kusoma nao, kufanya nao mafunzo kwa vitendo, kujitolea nao, kusali nao, mwalimu aliyekusimamia chuoni, wale waliokutangulia mwaka mmoja au miwili. Watafute. Usiwaombe kazi mara ya kwanza, waulize kazini kwao mambo yanaendaje, nafasi huwa zinatangazwa wapi, wanaangalia nini. Mtu anaeulizwa swali anajibu, anaeombwa kazi ambayo hana uwezo wa kuitoa anakukimbia.

Na hapa lazima niseme, hii sio haki. Mtoto wa kishua, watu wake wa mbali ni mameneja na mawakili, watu wako wa mbali wanatafuta kazi kama wewe. Ukifanya yote niliyokuambia bado utakuwa nyuma yake. Ndo maana mimi nasema kazi zitangazwe hadharani, zote, hasa zile zinazolipwa kwa fedha za umma, kwa sababu kila nafasi inayojazwa kimyakimya kwa simu inamfungia nje mtu ambae hakuwahi hata kujua ipo.

Mimi kazi nilipata, tena nzuri, ila nina mwaka wa nne najihisi mgeni. Wenzangu wanaongea habari za safari na shule walizosoma, mimi nacheka tu. Juzi nimegundua niliyeingia nae siku moja ananizidi mshahara na ameshapandishwa cheo mara mbili. Kazi naijua kuliko yeye, na yeye anakiri. Kuna kitu nakosea?

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Sam Friedman na Daniel Laurison walichukua takwimu za taifa za Uingereza wakaangalia watu walioko kwenye kazi za juu, madaktari, mawakili, wahasibu, watu wa televisheni. Wakawalinganisha waliotoka familia za wafanyakazi wa chini na waliotoka familia zenye uwezo. Waliotoka chini walikuwa wanalipwa pungufu kwa wastani wa asilimia 16. Hawa tayari wameshaingia ndani, wana vyeti, wana ofisi. Na walipolinganisha watu wenye elimu sawa na uzoefu sawa, sehemu ya pengo ilibaki.

Wakaingia ofisini kabisa kuhoji watu, kitabu chao kikatoka mwaka 2019, na sababu walizozikuta nadhani utazitambua. Ya kwanza ni pesa ya nyumbani, mwenye wazazi wa kumlipia kodi anaweza kukubali nafasi yenye hatari lakini inayofungua milango, wewe unaetegemewa na wadogo zako unachagua penye mshahara wa uhakika. Ya pili, na hii ndo naona inakugusa, ni mkubwa mmoja kumshika mkono kijana na kumpandisha haraka kimyakimya, kwa kawaida anamchagua anaemkumbusha ujana wake, wanaocheka vichekesho vilevile, waliokulia mazingira yanayofanana. Hakai akasema huyu wa chini nisimsaidie. Anasaidia anaemzoea tu, na anaemzoea ni wa aina yake. Ya tatu ni namna ya kuongea, kuvaa, kujiamini mkutanini, vitu ambavyo havina uhusiano na kazi lakini vinasomwa kama ndo uwezo wenyewe. Na ya nne inauma, mtu wa chini anajitoa mwenyewe, haombi kupandishwa kwa sababu anahisi hapa sio kwao.

Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, alishaeleza mzizi wa haya tangu miaka ya 1960 akiwa na Jean-Claude Passeron. Walisema shule na ofisi zinadai kutoka kwa kila mtu kitu ambacho hazimfundishi, lugha fulani, ladha fulani, utulivu fulani, na aliyekipata nyumbani anaonekana ana kipaji. Na Bourdieu mwenyewe aliyajua maisha hayo, baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta kijijini na yeye akaishia kuwa profesa wa Collège de France, taasisi ya elimu yenye heshima kubwa sana Ufaransa.

Kama unadhani ni hisia zako tu, sikiliza hii. Lauren Rivera na András Tilcsik walituma maombi 316 ya uongo kwenye ofisi kubwa za mawakili Marekani, matokeo ya masomo yaleyale, chuo kilekile, tofauti ikawa kwenye vitu vidogo tu, jina la ukoo, michezo anayopenda, aina ya tuzo aliyopata. Mwanaume mwenye dalili za familia tajiri, aliyeandika anapenda mashua za matanga na muziki wa klasiki, aliitwa kwenye usaili kwa asilimia 16. Mwanaume mwenye dalili za familia ya chini, anaecheza mpira, aliitwa kwa asilimia 1.

Kwahiyo hukosei kitu kazini. La kufanya, na naomba ulifanye mwezi huu usisubiri tathmini ya mwaka, andika kazi zote ulizozikamilisha na faida zilizoleta, omba kikao na bosi wako, muulize kwa maneno ya wazi vigezo vya kupanda cheo ni vipi na mimi nimepungukiwa kipi. Akikujibu mambo yanayopimika, yafanyie kazi. Akianza kusema mambo ya kuendana na kuzoeana basi umeshajua ulipo, na unaweza kuanza kutafuta kwingine bila kujilaumu. Huyo mwenzako anaekiri unaijua kazi kuliko yeye, muombe aseme hivyo mbele ya bosi. Ni haki yako kumuomba.

Naenda kwenye usaili wiki ijayo. Nina mtoto wa miezi minane. Niseme au nisiseme?

Kama hawajakuuliza usiseme, na usijisikie vibaya. Shelley Correll na wenzake, utafiti wa mwaka 2007, walituma maombi ya wanawake wenye sifa sawa, ambae hakuonekana kuwa na mtoto aliitwa mara mbili ya yule aliyeonekana ni mama. Kwa wanaume kuwa baba hakukuwapunguzia chochote. Kwahiyo unachokificha ni kitu ambacho wanaume wanaweza kukiandika wazi bila hasara. Mambo ya likizo na muda wa kunyonyesha yaulize ukishapewa barua ya kazi mkononi, kabla hujasaini.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Nilisoma makala yako moja nikaanza kujiangalia, nikaona watoto ninaowauliza maswali kila siku ni walewale, wasafi, wanaoongea vizuri. Sasa nafanya nini?

Mwalimu mwenzangu, kuliona hilo peke yake ni kazi kubwa, wengi hawalioni mpaka wanastaafu.

Ray Rist alikaa kwenye darasa la chekechea huko Marekani, utafiti wake ukatoka mwaka 1970. Siku ya nane ya shule mwalimu alikuwa ameshawapangia watoto meza za kudumu, meza ya kwanza wanaojifunza haraka, meza mbili za nyuma wale wa polepole. Siku nane tu, na mtihani haukuwepo. Alichotumia ni mavazi, harufu, namna ya kuongea na anachokijua kuhusu familia. Meza ya mbele ikapata muda wake mwingi, za nyuma zikapata kukaripiwa. Watoto walipopanda darasa, mwalimu mpya aliwapanga tena kwa kufuata kile walichokisoma mwaka uliopita, na waliokaa nyuma kweli walikuwa wamesoma kidogo, kwahiyo ikaonekana mwalimu wa kwanza alikuwa sahihi.

Sasa wewe weka majina yote kwenye vikaratasi, chomoa kimoja kila unapouliza swali. Ukishauliza subiri, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujahamia kwa mwingine, kwa sababu kwa yule unaemwamini huwa unasubiri bila kujijua, na kwa usiyemwamini unaruka haraka. Badilisha viti kila baada ya wiki mbili.

Na usije ukasikia mtu anakuambia shule haibadilishi kitu, yote ni familia. Maneno hayo yalitokana na ripoti ya James Coleman ya mwaka 1966 iliyohusu Marekani. Stephen Heyneman na William Loxley walipopima nchi 29 mwaka 1983 wakakuta kwenye nchi zenye kipato cha chini, ubora wa shule na mwalimu una uzito mkubwa kuliko familia katika kuamua mtoto anajifunza kiasi gani. Kazi yako ina uzito huo.

Mimi na mume wangu hatukusoma sana. Mtoto wetu anafaulu na sasa anaingia chuo kikuu. Naogopa tumemfikisha hapa lakini hatuna cha kumsaidia mbele.

Hongera mama, na baba mpe hongera zangu.

Annette Lareau alizifuatilia kwa karibu familia za Marekani za hali tofauti, akichunguza watoto wa miaka 9 na 10, kitabu chake ni cha mwaka 2003. Aliona upendo ni sawa kila nyumba. Tofauti ilikuwa wazazi wenye elimu wanamfundisha mtoto kumuuliza daktari maswali, kumwambia mwalimu sijaelewa, kuomba apewe muda zaidi. Wazazi wa hali ya chini wanamfundisha mtoto heshima, anyamaze mkubwa akiongea. Heshima ni kitu chema na sitaki mtu aniambie tuifute kwa mtoto. Ila chuoni yule anaeuliza ndo anaepewa, na aliyefundishwa kunyamaza anafeli kimya ofisi ya mwalimu ikiwa wazi.

Anthony Jack aliyefanya utafiti chuo kimoja cha kifahari aliliona hilohilo. Walimu wanatangaza saa zao za kuonana na wanafunzi, hawaelezi ni za nini, watoto wa wenye uwezo wanaenda kupiga stori na kuomba barua za utambulisho, wa familia za chini wanadhani huko anaenda mwenye matatizo tu, au wanaona ni kumsumbua mkubwa.

Kwahiyo msaada mnao mama. Mwambieni kabla hajaondoka kwamba kumwendea mwalimu ofisini sio utovu wa adabu, nyinyi wazazi mmemruhusu. Akilisikia kutoka kwenu litamwingia kuliko likitoka kwangu. Na akipiga simu msimuulize matokeo tu, muulizeni wiki hii umeonana na mwalimu gani.

Mzee mmoja ameniambia umaskini uko kwenye damu, hautoki. Kuna ukweli?

Hakuna. OECD, shirika la kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, walikadiria mwaka 2018 inachukua vizazi vingapi familia ya kipato cha chini kabisa kufikia kipato cha wastani, Denmark viwili, Afrika Kusini tisa, Colombia kumi na moja. Damu ya watu haitofautiani namna hiyo. Kinachotofautiana ni kodi, shule, huduma za watoto wadogo na mishahara, vyote vimepangwa na watu.

Nafanya kazi idara ya kuajiri. Nimekuwa nafuatilia safu hii na roho inanisuta kidogo. Naweza kubadilisha nini bila kusubiri mabosi?

Vingi, na nakushukuru kwa kuuliza.

Rivera huyohuyo alihoji watu 120 wanaoajiri kwenye mabenki ya uwekezaji, kampuni za ushauri na za mawakili, zaidi ya nusu walisema kwenye usaili kinachotangulia ni kama mtu anaendana na sisi. Kuna waliopima kwa kujiuliza nikikwama nae uwanja wa ndege, nitafurahia kukaa nae? Kwa swali hilo utaajiri rafiki, na rafiki yako atakuwa wa tabaka lako.

Andika maswali kabla, yahusu kazi yenyewe, kila mtu aulizwe hayohayo kwa mpangilio uleule. Kila msaili aandike alama zake kabla hamjaanza kujadiliana, mkishaanza kujadiliana mwenye sauti kubwa anawavuta wote. Usaili wa namna hii umeonekana mara nyingi kutabiri nani ataifanya kazi vizuri kuliko ule wa maongezi huru, kwahiyo hata bosi wako ana faida nao. Mtu akisema sijui, huyu sijamfeel, muulize ni jibu gani lilikuwa baya. Futa sehemu ya mambo unayopenda kwenye fomu, haikusaidii kitu. Angalia matangazo yenu, ile kazi mnayotaka digrii, waliopo sasa hivi wanaoifanya vizuri wote wana digrii? Kama hapana, itoe. Na wale wanaojitolea miezi sita bila kulipwa, pigania wapewe angalau nauli na chakula, kwa sababu mwenye uwezo wa kukaa miezi sita bila kipato tunajua ametoka wapi, na ndo mnaempa ajira nafasi ikitokea. Ukiweza kulibadilisha moja tu mwaka huu, anza na hilo la kujitolea, na uniandikie limeendaje.